Herufi Saba

Waambie wenzako, Mumo, kwamba naogopa.
Ndivyo ulivyosema jana kwenye saiba ya Jericho,
kiganja chako juu ya kiganja changu
kama mwalimu anayemshikisha mtoto penseli:
"Susu anaogopa kipanya."
Kijana wa saiba akacheka
na bado akatutoza nusu saa.

Mimi, niogope vibonye?
Miaka ishirini na sita makao makuu ya Reli,
ghorofa ya pili, dirisha la kutazama mabohari,
maneno sabini kwa dakika bila kuchungulia vidole,
nakala nne za kaboni, na ole wako ukiteleza:
kosa moja hufutwa mara nne.
Kengele ndogo ililia mwisho wa kila mstari.
Wakubwa walitia saini barua nilizowanyooshea sarufi
wakadhani ni zao.

Kompyuta ya kwanza waliileta imefunikwa kitambaa
kama bibi arusi. Tukaitwa kuitazama,
wapiga chapa kumi na mmoja.
Kufikia Krismasi tulibaki watatu.
Kwa hiyo, ndiyo, sikuipenda. Lakini hilo lilipita.
Nani awezaye kuinunia mashine miaka thelathini?

Sababu nyingine ninazo, ukizitaka.
Maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Mzee Odida wa nyumba ya pili alibonyeza "Kubali",
pensheni ya miezi mitatu ikaondoka,
na hadi leo hajui alikubali nini.
Tena huko kuulizwa kama mimi si roboti,
nichague picha zenye taa za barabarani,
mimi ninayevuka Jogoo Road kila Jumapili
taa zote zikiwa zimekufa.

Unasema samaki hukunjwa angali mbichi.
Haya, niite ng'onda.

Lakini jana ulipotoka nje kupokea simu
kioo kiliniuliza swali la usalama:
Mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?
Sikufikiri. Vidole vilikwenda vyenyewe.
Cha pete cha kushoto kwenye S,
cha shahada cha kulia kikapanda kwenye Y,
hadi kidole cha mwisho, kile kidogo, kwenye A.
Syombua.
Kila herufi ikageuka kitone cheusi
kana kwamba hata mashine iliona haya kulitazama.

Aprili. Mvua. Pumwani.
Siku kumi na moja.
Jina hilo nilikuwa nimelipiga chapa mara moja tu,
katika barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili,
nakala nne,
ya nne nikaitia mkobani.

Jibu si sahihi.
Nikaandika tena, polepole, kama ninayemvika kofia.
Jibu si sahihi.
Mara ya tatu. Akaunti imefungwa.

Akaunti uliifungua wewe.
Penye mtoto wa kwanza uliandika jina la baba yako.
Ungejuaje?
Tulimwita Nzioka, yaani aliyerudi,
na nyumba nzima, miaka yote hii,
hakuna aliyeuliza alirudi kutoka wapi.

Ukaingia, simu bado sikioni:
"Susu, umeandika nini?"
Nikasema nimesahau.
Ukanipapasa bega. Wazee husahau.

Kesho usinisindikize.
Nitakwenda mjini kwenye dirisha la pensheni
nipange foleni na viti vyangu vya kuazima,
niulizwe tena kile nilichoulizwa mwaka jana.
Yule msichana wa dirishani ana kiburi, ana mafua,
hutafuna chingamu akinitazama kama risiti ya zamani.
Lakini ukimtajia jina
huandika jina.